Arusha Katika Mwezi wa Maua

Mtoto wa Dar es Salaam huijua baridi kwa kuhadithiwa. Asubuhi ile ya Novemba 2021, tulipoteremka katika stesheni ya Arusha baada ya usiku mzima wa kutikiswa na behewa, wanangu wawili, kijana wa miaka 10 na dada yake wa miaka 6, walijikunyata kama vifaranga vilivyonyeshewa, nami baba yao nikajidai kuwa sihisi kitu. Treni yenyewe ilikuwa nusu ya starehe. Ilikuwa imerejea Arusha mwaka mmoja tu kabla yake, Oktoba 2020, baada ya reli hiyo kulala karibu miaka 30, na wazee tuliosafiri nao walikuwa wakiitazama njia dirishani kama watu wanaokagua shamba la urithi.

Mjini tukaikuta mijakaranda. Msomaji aliyepata kufika Arusha mwezi wa Oktoba au Novemba ananielewa, na asiyefika nitajaribu kumweleza. Mjakaranda si mti wa kwetu; asili yake ni Amerika ya Kusini, na wakoloni ndio walioueneza katika miji ya nyanda za juu za Afrika ili wapate kivuli barabarani. Una tabia yake ya pekee: hupukutisha majani kwanza, na kabla majani mapya hayajajaa hufungua maua kwa mpigo mmoja, hata mti mzima ukawa zambarau tangu shina hadi kileleni. Maua hayo hayadumu. Upepo ukipita kidogo tu yanamwagika, na njia nayo inageuka zambarau, na magari yanayopita juu yake hayasikiki sawasawa. Binti yangu alikataa kuyakanyaga, akawa anaruka kutoka pengo hadi pengo, mpaka mama yake akambeba.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia mbele ya duka lake alitutazama akacheka. Alituambia kwamba msimu huo hufagia asubuhi na adhuhuri, na jioni hujikuta kama mtu ambaye hakushika ufagio. "Yanapendeza kwenu wageni," alisema.

Nilipata kusoma zamani kwamba Wajapani hutangaziana kila mwaka siku ambayo maua ya sakura yatachanua katika kila mji, na siku hiyo ikifika huchukua mikeka na vyakula, wakaenda kuketi chini ya miti pamoja na jamaa zao na wafanyakazi wenzao. Mwaka hauhesabiwi kuwa umekamilika mpaka mtu awe ameketi pale. Niliwaonea wivu. Lakini Arusha nayo ina msimu wake, na mlima inao pia: Fuji wao una urefu wa mita 3,776, na Meru unaupita kwa karibu mita 800. Upungufu wetu ni kwamba hatujapeleka mkeka.

Habari za mjini nitazipitia upesi, kwa kuwa wengi wanazijua. Tuliwaonyesha watoto Mnara wa Saa, na Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo siku hizi ni makumbusho ya viumbe, na kule Kaloleni nyumba ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 kabla Azimio halijatangazwa Februari 5. Kijana wangu aliuliza kama viti vilikuwa ndivyo hivyo hivyo. Tulipita pia mbele ya majengo ya mikutano ya kimataifa, ambamo Mahakama ya Rwanda ilifanya kazi yake hadi 2015. Kisha njaa ikatushika, tukala mtori kwenye mgahawa mmoja wenye meza nne, na hakuna hata mmoja wetu aliyezungumza mpaka bakuli zilipokwisha.

Mlima wenyewe Arusha huonekana alfajiri. Mji umekaa chini ya mguu wake wa kusini, na mwenye kuamka mapema huuona mzima, umechongoka, umesimama peke yake bila ndugu. Kufikia saa nne mawingu huwa yamekwisha kuufunika, na mgeni aliyechelewa kulala ataondoka akidhani amedanganywa. Upande huo wa mjini ndio unaochapwa kwenye kadi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuona mara nyingi katika safari za kikazi, nikaamini kuwa naujua mlima Meru.

Mama watoto alinisahihisha. Yeye ni Mmeru, na aliposikia nikiusifu aliniambia, "Umeona mgongo tu. Twende kwa Bibi."

Basi siku ya pili tukakodi Noah na dereva wake, tukaishika barabara ya Moshi. Hapo mashamba yanaanza: migomba, na chini ya migomba kahawa, na katikati ya kahawa nyumba. Mvua za vuli zilikuwa zimetangulia kunyesha, na baadhi ya mibuni ilikuwa imechanua. Ua la kahawa ni jeupe na harufu yake ni kama ya asumini. Yule ambaye kahawa anaijua kwa kijikombe cha baraza la Kariakoo hawezi kudhani kwamba ilianzia kwenye harufu kama ile. Tulipita Tengeru, palipo na soko kubwa la ndizi, na palipo na ziwa Duluti lililotulia katika shimo la volkano iliyokufa. Hapo Tengeru wakati wa Vita Kuu ya Pili waliishi wakimbizi wa Kipolandi kiasi cha 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na makaburi ya waliofia hapo yangali yanatunzwa. Nilitaka tusimame kuyaona, lakini mama watoto alisema kuwa Bibi amekwisha kuvaa tangu alfajiri.

Kweli tulimkuta amevaa. Bibi anakaa Nkoaranga, juu ya Usa River, na wakati ule alikuwa na miaka 79. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake, akamshika kijana wetu mkono akamwita mume wake, kama ilivyo ada ya bibi na mjukuu, akamlaumu kwa kumtelekeza muda mrefu bila matumizi. Akatupa loshoro, chakula chao cha mahindi na maziwa mgando, nasi tukala ingawa tulikuwa tumeshiba. Kisha akachukua fimbo yake na kuingia garini, akakaa kiti cha mbele bila kuulizwa. Tulidhani anatusindikiza kwenda kuona wanyama. Yeye alikuwa na safari yake.

Njia ya kwenda Ngare Nanyuki inakata kushoto kutoka barabara kuu ikapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 kasoko ya Meru ilipoongezwa ikapewa jina la sasa. Ni ndogo, na ndiyo maana inafaa familia: mtu akitoka mjini asubuhi anaweza kuizunguka na kurudi nyumbani kabla ya magharibi, na kiingilio cha mwananchi ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa kutoka ng'ambo. Pamoja na hayo, siku ile magari mengine yote tuliyopishana nayo yalibeba wageni. Dereva wetu, mwenyeji wa Arusha aliyekaribia miaka 40, alikiri kwamba alikuwa hajaingia huko ila kwa kupeleka watu.

Tulitazama shimo la Ngurdoto kutoka ukingoni, maana hairuhusiwi kushuka. Upana wake ni kama kilometa 3, na nyati tuliowaona chini walikuwa wadogo kama njugu zilizomwagika. Msituni mbega walikuwa wakiruka kutoka mti hadi mti, mikia yao myeupe ikiwafuata nyuma kama kanga zilizoanikwa. Twiga walisimama karibu na njia wakitutazama kwa dharau kidogo. Binti yangu aliuliza kama nao wana baridi.

Kisha tukafika kwenye maziwa ya Momella, na hapo mlima ukageuka.

Sijui niseme vipi. Mlima ule ule unaoonekana mzima kutoka mjini, kwa upande huu wa mashariki hauna ubavu. Umemeguka. Unatazama ndani yake kama mtu anayetazama ndani ya chungu kilichovunjika upande mmoja: ukuta wa mwamba umesimama wima, takribani mita 1,500 kutoka chini hadi kileleni, na sakafuni mwa shimo hilo kuna kilima kingine cha majivu, cheusi, kilichoota baadaye. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba maelfu ya miaka iliyopita ubavu huu wote uliporomoka kwa kishindo kimoja, na matope na mawe yakatiririka mbali sana kuelekea upande wa Kilimanjaro. Vilima vidogo vidogo tulivyokuwa tukivipanda na kuvishuka kwa gari ni mabonge ya mlima huo, na maziwa ya Momella ni maji yaliyokusanyika katika mabonde yaliyobakia kati yake. Mlima haujafa kabisa. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910.

Maziwa hayo yana magadi, na kila moja lina rangi yake kwa kadiri ya madini na mimea iliyomo. Heroe walikuwa wamesimama kwa maelfu ukingoni mwa mojawapo, mstari wa waridi uliokuwa ukitikisika. Tulikaa hapo muda mrefu. Hatukuwa na mkeka, lakini mama watoto alivua kanga yake ya pili akaitandika, tukala ndizi za kuchoma alizofunga Bibi. Ikiwa nitaulizwa siku moja ni saa ipi katika maisha yangu ya ndoa ambayo sikutamani kuwa mahali pengine, nitaitaja hiyo.

Binti yangu aliutazama mlima akauliza nani ameumega. Bibi akamjibu kwamba uliporomoka wenyewe, zamani, kabla yeye hajazaliwa. Akainuka. "Twendeni," akasema, "nataka kufika kabla ya mvua."

Ngare Nanyuki iko mbele ya hifadhi, kaskazini. Maana ya jina hilo kwa Kimasai ni maji mekundu. Huko mvua hupungua, migomba hutoweka, na nchi huwa wazi, yenye vumbi na miiba. Lakini mto umekatwa mifereji, na kando ya mifereji kuna nyanya, kabichi na vitunguu hadi jicho linapokoma. Nyanya unazonunua mjini Arusha, msomaji, huenda zimetoka hapo.

Na hapo ndipo Bibi alipozaliwa.

Historia yake iko vitabuni, lakini sidhani kama tunaisimulia vya kutosha nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Jaji Mark Wilson kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Mojawapo ya matokeo yake lilikuwa uamuzi kwamba Ngare Nanyuki iwe nchi ya mifugo ya walowezi wa Kizungu, na Wameru waliokuwamo wahamishiwe King'ori, nyanda za chini zaidi zenye joto na malaria. Katika makaratasi ya serikali mahali pale palikuwa na namba tu, shamba namba 31 na shamba namba 328. Wameru walikataa. Novemba 1951 askari wakafika, wakawaondoa watu karibu 3,000 kwa nguvu, na nyumba zikachomwa moto.

Wameru hawakupigana. Walichangishana fedha za nauli, na mwaka 1952 wakampeleka mwenzao, Kirilo Japhet, hadi New York, akasimame mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Mwingereza alipaswa kujibu hapo. Alisema kwa Kiswahili. Pamoja naye alikuwa wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Hoja ya kuwarudishia Wameru ardhi yao ilipofika katika Baraza Kuu haikupata theluthi mbili za kura, na Kirilo akarudi mikono mitupu. Lakini alikuwa amekwisha kuonyesha njia, na miaka mitatu baadaye, mwaka 1955, Mwalimu Nyerere akaishika njia hiyo hiyo kwenda kuzungumza kwa niaba ya nchi nzima. Mradi wa walowezi haukustawi, na ardhi ikaja kurudi kwa Wameru. Kirilo na Seaton waliyaandika yote hayo katika kitabu kilichochapwa Nairobi mwaka 1967.

Bibi hakuwa na habari za kitabu. Alikuwa na miaka 9. Alichokumbuka yeye ni jiwe.

Alitusimulia tukiwa tumesimama kando ya mfereji. Waliambiwa watoe vyombo ndani. Mama yake alitoa vibuyu, ngozi za kulalia, na mtoto mchanga. Na mwisho akatoa jiwe la kusagia, alilopewa na mama yake mwenyewe siku ya kuolewa. Lilikuwa zito. Hawakuweza kulibeba pamoja na mtoto, na baba alikuwa ametangulia na ng'ombe. Basi mama akalifukia mtoni, penye kona ya maji, chini ya mti, akamwambia binti yake apashike mahali hapo, ili wakirudi amsaidie kukumbuka. Hawakwenda King'ori. Walikwenda kwa ndugu huku Nkoaranga, wakapewa kipande cha kihamba, na Bibi akaolewa huko huko. Ardhi iliporudi, mama yake alikuwa amekwisha kufariki, na Bibi alikuwa na watoto na kahawa ya kuangalia. Ilipita miaka 70 asirudi.

Mti haukuwapo. Kona ya maji nayo ilikuwa imehamishwa na mfereji. Palikuwa na nyanya tu, mistari mirefu, na Bibi akawa anapita kati yake polepole, akiuchoma udongo kwa fimbo na kusikiliza.

Mwenye shamba alikuja mbio. Alikuwa kijana wa miaka kama 25, ana jembe begani, na uso wake haukuwa wa kukaribisha. Namwelewa: watu wa mjini wanne na ajuza, gari limesimama njiani, ajuza anapima udongo. Kila mwenye shamba nchini mwetu angefikiri alilolifikiri yeye. Alitusalimu kwa adabu, kisha akasema shamba hili ni la babu yake na hati ya kijiji anayo.

"Marahaba, mjukuu wangu," Bibi akamwambia. "Sikuja kudai shamba. Nimekuja kutafuta jiwe la mama yangu."

Ikabidi aanze upya kusimulia, na safari hii kwa Kimeru, kwa hiyo mimi niliachwa nje. Niliona tu uso wa yule kijana ukibadilika kidogo kidogo. Akateremsha jembe. Akauliza maswali. Kumbe babu yake naye aliondolewa siku zile zile. Akachimba mahali pawili alipoelekezwa, akatoa mawe, Bibi akayageuza moja moja kwa mguu akakataa. Mvua ikaanza kudondoka. Mwishowe wote wawili wakacheka, sijui kwa nini, akamshika Bibi mkono wakatoka shambani.

Walipocheka niliona meno yao. Ya wote wawili yalikuwa na rangi ya kahawia. Maji ya upande huu wa Meru yana madini ya floridi kupita kiasi. Kiwango kinachokubalika ulimwenguni ni miligramu 1.5 kwa lita, na mito mingi ya hapa inakipita mbali. Huchafua meno ya watoto, na kwa wengine hupinda mifupa. Huko Ngurdoto kipo kituo kinachofundisha wananchi kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini mifereji inaendelea kunyweka. Mama watoto alikwisha kuwaonya wanangu tangu asubuhi wasiguse maji ila ya chupa. Bibi akainama mferejini, akateka kwa kiganja, akanywa. Kijana wangu akapiga kelele kumkataza.

"Meno yangu yamekwisha kuwa hivi, mume wangu," Bibi akamwambia. "Sasa yatanifanya nini?"

Yule kijana alitujazia ndoo ya nyanya na akakataa fedha. Tulirudi kwa njia ile ile, Bibi akilala kitini, na tulipofika Usa River jua lilikuwa limetoka tena na barabara ilikuwa inafuka. Siku tatu baadaye tukapanda treni. Mijakaranda ya mjini ilikuwa imebakiza maua machache, na majani mabichi yalikuwa yanaanza. Nyanya zilifika Dar es Salaam salama, ila chache zilizopondeka mahali fulani karibu na Korogwe.

Jioni ile ile Bibi alipiga simu kuuliza kama tumezipika. Akasema mwakani tuje mapema, maua yakiwa bado mtini, na tusije mikono mitupu: kila mtu aje na jembe lake, kwa sababu yule kijana ameahidi kutopanda kitu pale penye kona mpaka tufike.

Mwaka uliofuata kazi zilinibana, na uliofuata huo vilevile. Bibi amekwisha kupita miaka 80. Likizo yangu ya mwaka huu nimeiomba Novemba, na mama watoto amekwisha kununua majembe.